Mkebe wa Mama mkwe na ndimu zetu

Juma lililopita katika mkutano wa likelemba mmoja wetu aliuliza kama franga za chuma za wakati wa Wabelgiji zinaweza kulipa masomo ya mtoto. Wengi walicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa jambo hilo lilifika nyumbani mwetu, na tulilifanya vibaya.

Mama mkwe wetu alikuwa akiuza sambaza na maharagwe. Siku ya Noeli ya mwaka 1979, Serikali ilitangaza kwamba noti za zaïre 5 na za zaïre 10 hazina nguvu tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Yeye alikuwa kijijini. Akiba yake yote ikabaki karatasi ya kuwashia moto. Tangu siku ile alikusanya franga za chuma katika mkebe wa maziwa ya unga, akisema chuma hakuna redio itakayokiua. Hilo nalo si kweli kabisa, maana makuta ya chuma yenye sura ya Mobutu nayo yalikufa sokoni, na mwaka 1993 zaïre 3 000 000 za zamani zikawa zaïre mpya 1. Lakini nani atabishana na mama aliyepoteza akiba yake?

Mwaka huu mjukuu wake alipaswa kulipa pesa ya mtihani wa Taifa, na pesa haikutimia. Mama akatupatia mkebe. «Binti zangu, uzeni.»

Sisi wake wa wanawe wawili tulikaa uani na majivu na ndimu, tukasugua kama tunavyosugua sufuria. Zikang'aa mpaka watoto wakaja kutazama. Tulijisifu sana siku hiyo.

Kesho yake akaja mnunuzi, wale wanaopita nyumba kwa nyumba. Akamimina zote kwenye mizani, kilo moja na kidogo, akasema dolari 10, maana ni shaba ya kuyeyusha tu. Shemeji akasema tuchukue, mtoto asije akafukuzwa. Tuliomba usiku mmoja tu.

Jioni tulimwita mwalimu mwenzetu wa historia, ambaye hukusanya stempu na franga za zamani. Alipofunua mkebe hakusema bei. Aliuliza: «Nani ameziosha?» Tukanyamaza. Akatueleza polepole kwamba mkusanyaji hutafuta ngozi ile ya zamani, ule weusi na ukijani tulioudhani uchafu. Ukiusugua unaacha mikwaruzo, na hakuna dawa ya kuurudisha. Franga iliyosuguliwa huweza kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Mkono wetu safi ndio uliotutia hasara.

Hata hivyo alizipanga mezani. Zilikuwepo senti zenye tundu katikati na nyota. Zilikuwepo za miaka ya 1920, zenye kichwa cha mfalme Albert upande mmoja na mti wa ngazi upande mwingine. Halafu tembo, tembo wengi. Tuliipenda zaidi franga 2 ya 1943, ambayo si duara bali ina pembe sita. Ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Tulidhani umri huo na umbo hilo vitaleta pesa nyingi. Hapana. Zilitolewa mamilioni kwa mamilioni, na nyingi zingali zipo. Uzee peke yake hauleti bei. Wanaangalia zilitolewa ngapi, zimebaki ngapi, alama zimechakaa kiasi gani, ni chuma gani, na kama kuna anayeitafuta. Zile za alumini zenye jina la Ruanda-Urundi, alisema, tuwape watoto wajifunzie hesabu.

Hapo Mama akafungua fundo la kitambaa kiunoni. Ndani mlikuwa franga 50 ya 1944, pana, nzito, nyeusi, na tembo wake. Hakuitia mkebeni, ndiyo maana ndimu yetu haikuifikia. Baba yake aliipata katika mahari yake, akamrudishia siku alipoolewa.

Mwenzetu aliishika kwa ukingo, bila kugusa uso wake. Ilipigwa Pretoria, na ni fedha kweli, ingawa nusu tu: gramu 17,5 kwa jumla, hivyo fedha safi ni karibu gramu 8,75. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku ile, nawe unajua bei ambayo usishuke chini yake hata kama itayeyushwa. Tulifanya hesabu. Kipande hiki kimoja, kwa chuma chake tu, kilikaribia zile dolari 10 za mkebe mzima, na mkusanyaji hulipa juu ya hapo.

Asubuhi mnunuzi alirudi. Tulimwuzia franga za tembo zilizosuguliwa, kwa kuhesabu moja moja, si kwa mizani, na akaongeza bei huku akilalamika. Pesa iliyopungua tuliikopa kwa wamama wa likelemba, na kijana akaandikishwa.

Ile ya 50 mwenzetu alitaka kuipeleka picha yake kwa wakusanyaji anaowafahamu. Mama alifikiri kitambo. Akasema picha apige, lakini franga isitoke mkononi mwake. Kisha akatuomba kitambaa kipya, kwa kuwa kile cha zamani kilikuwa kimeanza kuchanika pembeni.