Kiti cha Diwani Kinapobaki Wazi, Hesabu Huanzia Nyumbani



Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za malezi, ndoa na mirathi. Leo naomba niingize jambo ambalo kwa desturi huachiwa wanaume wa barazani, nalo ni kiti cha udiwani. Kinapobaki wazi hujazwaje, na anayekikalia hulipwa nini? Atakayeuliza hayo yanaihusu vipi familia, nitamjibu kwamba diwani hutoka katika nyumba yenye watoto, madeni na ada za shule. Anacholipwa na anachotakiwa kutoa hupita jikoni kwanza. Nimeyajua hayo kwa sababu miaka kadhaa iliyopita wazee walifika nyumbani kwetu kumtaka mume wangu awanie kiti cha namna hiyo.

Sisi ni wakazi wa Kyerwa. Tulipokuwa wilaya moja na Karagwe, mwenye shida ya halmashauri alisafiri kutoka Murongo, kando ya Mto Kagera, hadi Kayanga. Mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya, na baadaye tukapata halmashauri yetu na baraza letu la madiwani. Diwani akawa mtu wa karibu, ambaye mama anaweza kumsimamisha njiani akamuuliza habari za zahanati au daraja la miti lililobebwa na mvua.

Kisha diwani wa kata yetu akafariki dunia. Alikuwa Mkristo, na sisi Waislamu tulikwenda msibani kama jirani yeyote, maana Wanyambo hawazikani kwa kubaguana. Baada ya maziko ndipo tulipoanza kuuona upungufu. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Asipokuwapo, wajumbe wanaweza kumchagua mmoja wao aongoze kikao, na mtendaji wa kata ataendelea kuandika mihtasari. Lakini Baraza la Madiwani linapokutana kila robo mwaka kugawa fedha za barabara na madarasa, kata isiyo na diwani haina wa kuinua mkono. Maombi yake husomwa na mtu asiyeijua njia ya kwenda kisimani kwake.

Ujazaji wa kiti hicho una mlolongo wake. Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa huitaarifu Tume ya Uchaguzi kwamba nafasi ipo wazi. Tume huutangazia umma, hupanga siku ya uteuzi, muda wa kampeni na siku ya kura. Hivyo ndivyo ilivyokuwa chini ya sheria ya mwaka 1979 ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa, na sheria mpya ya mwaka 2024 imeunganisha uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani pamoja. Kwa kawaida Tume hukusanya kata nyingi zilizo wazi ikazifanyia uchaguzi siku moja. Tarehe 26 Novemba 2017, kwa mfano, kata 43 nchini zilipiga kura. Kwa hiyo kata huweza kusubiri wenzake. Na uchaguzi mkuu ukiwa umekaribia, kiti huachwa wazi hadi wakati huo.

Si kifo pekee kinachoacha kiti wazi. Diwani anaweza kujiuzulu, kuhukumiwa, kukosa vikao mfululizo bila ruhusa, au kupoteza uanachama wa chama chake. Katika nchi yetu hakuna mgombea binafsi. Kila diwani hupitia chama, na akitoka katika chama, ametoka pia katika kiti.

Viti maalumu vya wanawake vina njia nyingine kabisa. Huko hakuna uchaguzi mdogo. Kila chama hupeleka orodha ya majina kwa Tume, na kiti kinapobaki wazi Tume humteua mwanamke mwingine kutoka katika orodha ya chama kilekile. Akina mama wenzangu walio katika orodha hizo walijue hili: simu inaweza kulia ukiwa shambani unavuna maharage, ukaambiwa kuanzia leo wewe ni diwani. Hakuna kampeni wala gharama ya kampeni, lakini pia hakuna mwananchi aliyepata nafasi ya kukuuliza swali.

Wazee waliokuja kwetu walikuwa wanne, Waislamu wawili na Wakristo wawili. Walisema mume wangu ni mkweli, ana duka, ana kahawa, na haogopi kusema mbele ya wakubwa. Baba watoto aliwashukuru, akaomba siku saba. Usiku ule nilichukua daftari tunaloandikia hesabu za kahawa, nikachora mstari katikati ya ukurasa, tukaanza kuhesabu.

Upande wa mapato niliandika Sh 350,000, kiwango cha posho ya mwezi ya diwani kilichojulikana wakati huo, ukiacha posho za vikao na nauli ambazo huja kikao kinapokuwapo. Upande wa pili tuliandika yale tuliyoyaona kwa macho yetu diwani akiyafanya. Mafuta ya pikipiki ya kuzunguka vijijini, Sh 90,000. Misiba, tukikadiria minne kwa mwezi na rambirambi ya Sh 20,000 kila mmoja, Sh 80,000. Harusi na akika, Sh 40,000. Wagonjwa wanaoletwa mlangoni usiku wakiomba nauli ya hospitali, Sh 60,000. Michango ya madarasa, ambayo diwani hawezi kuihimiza bila kutoa yeye kwanza, Sh 50,000. Jumla ikawa Sh 320,000. Ilibaki Sh 30,000, na ingetupasa kumlipa kijana wa kukaa dukani Sh 60,000. Tulikuwa tumeshapungukiwa kabla ya kununua kilo moja ya sukari.

Neno lenyewe posho linastahili kuangaliwa. Kwa asili ni chakula cha siku anachopewa mtu wa kazi au msafara. Ukivuka Murongo ukaingia Kikagati, Uganda, posho ni ugali wenyewe. Sheria zetu hazimhesabu diwani kuwa mwajiriwa mwenye mshahara; anapewa posho, kwa kiwango kinachoidhinishwa na Waziri, kana kwamba ana kazi nyingine inayomlisha na huku amekuja kujitolea. Fikra hiyo si mbaya. Tatizo ni kwamba wananchi hawamchukulii hivyo. Wao humwona kama hazina ya kata, nao humwendea ipasavyo.

Wakati ule posho hiyo ilitoka katika mapato ya ndani ya halmashauri. Kwetu mapato hayo yanategemea sana ushuru wa mazao, na zao kubwa ni kahawa. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3, jambo lililomfaa mkulima, lakini lililopunguza pia kile kinachoingia katika mfuko wa halmashauri. Kahawa inayovushwa usiku kwenda ng'ambo hailipi hata hiyo asilimia 3. Hivyo msimu ukiwa mbaya, zahanati, mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, pamoja na posho ya diwani, vyote hugombea chungu kimoja.

Siku ya tatu alifika mnunuzi wa kahawa. Alikuwa amesikia. Alisema yuko tayari kutoa fedha za kampeni mara moja, kwa butura. Wasomaji wa mbali huenda hawalijui neno hili: butura ni kuuza kahawa ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya chini kuliko itakayokuwapo wakati wa mavuno. Nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa zimefukarishwa nayo. Aliongeza kwa upole kwamba akipata diwani rafiki, hata mambo ya mizani na vizuizi vya ushuru yatazungumzika.

Baba watoto alinyamaza. Nami, nikiwa nyuma ya pazia na birika la chai, nilielewa kwamba hapo ndipo diwani hununuliwa, miezi kadhaa kabla ya kura, kwa deni analolipa kwa miaka mitano. Mnunuzi alipoondoka nilimwambia mume wangu: kama utagombea, gombea kwa kile tulicho nacho. Hatuuzi maua ya kahawa. Duka halifungwi. Na mtu yeyote asilete mbuzi hapa.

Alikubali. Alichukua fomu ya chama, akazunguka kwa pikipiki yetu, na katika kura za maoni akashika nafasi ya tatu. Siwezi kusema nilifurahi wala nilihuzunika. Nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa na mengi ya kusema kuhusu maji ya kata yetu. Usiku huohuo tulilala bila deni.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Wanavyuoni wametusimulia kwamba Sayyidna Abubakar (r.a.), baada ya kupewa uongozi, alionekana asubuhi akienda sokoni na nguo zake za biashara. Sayyidna Umar (r.a.) alipomuuliza, alijibu kwa kuuliza: familia yake itakula nini? Ndipo Masahaba wakamkadiria riziki ya wastani kutoka katika Baitul-maal, ili aache soko na awatumikie watu. Na alipokaribia kufa aliagiza kile kilichobaki kwake kirudishwe. Humo mna mafunzo mawili yasiyotenganishwa: kiongozi apewe cha kumtosha, na asichukue zaidi.

Na tunakumbuka habari ya mkusanyaji zaka aliyerudi Madina akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akahoji kama mtu huyo angepata zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake. Kila mbuzi anayeletwa kwa diwani apimwe kwa swali hilo.

Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali Kuu ilichukua jukumu la kulipa posho za madiwani moja kwa moja katika akaunti zao kwa halmashauri 168 zenye mapato madogo, na kuziachia 16 zenye uwezo ziendelee kulipa zenyewe. Mimi naliona hilo kuwa jambo jema, kwa kuwa diwani hamwombi tena mkurugenzi haki yake na huku ndiye anayepaswa kumhoji. Lakini kiwango chenyewe bado huamuliwa juu. Kenya wana tume ya kikatiba ya mishahara inayopanga malipo ya wawakilishi wa wadi, na wananchi hupata nafasi ya kutoa maoni.

Tusiwaonee wivu kwa kila kitu, hata hivyo. Jimbo la Banissa, kaunti ya Mandera, lilifiwa na mbunge wake Machi 2023, na kwa kuwa tume yao ya uchaguzi haikuwa na makamishna, uchaguzi mdogo ulifanyika Novemba 2025. Watu wa jimbo hilo, wengi wao Waislamu wenzetu, walikaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila msemaji bungeni. Katika miji mingi ya Marekani madiwani waliobaki humteua mtu wa kujaza pengo. Kiti hakikai wazi muda mrefu, lakini mwananchi hukosa sauti katika uteuzi huo. Mimi nachagua kura, mradi isicheleweshwe.

Ninachowaomba wenzangu ni vitu viwili. Kwanza, tuache kumgeuza diwani kuwa mfuko wa misiba na harusi. Kila tunapomdai rambirambi kubwa kuliko ya jirani, tunamsukuma kwa mnunuzi wa butura. Tumdai taarifa ya kikao cha baraza badala yake: kata yetu imepata nini, na kwa nini. Pili, mume, mke au mtoto wetu anapoitwa kuwania kiti, familia ikae na daftari kabla ya kuchukua fomu. Iulizwe nani atalipia kampeni, na huyo atalipwa kwa kitu gani. Jibu la swali hilo la pili likikosekana, au likitajwa kwa kunong'ona, fomu iachwe ofisini. Uongozi ni amana, na sisi wa nyumbani tutaulizwa pia kwa yale tuliyokula kutokana nao.

Wabillahi tawfiq.