Nyumba ya Baridi Nayo Ina Kiu

Mmezoea kunisikia nikizungumzia programu, lakini leo niko Minnesota, Marekani, kwa dada yangu, na kazi iliyonishughulisha wiki hii ni ya mabomba.

Sisi tuliokulia Mombasa tunajua unyevu kwa ubaya wake: nguo hazikauki, chumvi inashikana. Hapa majira ya baridi shida ni kinyume. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, hata ikishiba, hubeba kama gramu 1 tu ya maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa hadi nyuzi 20 ina nafasi ya gramu 17, kwa hivyo unyevu wake unakuwa asilimia 6 hivi. Hewa hiyo hunyonya maji popote: kwenye sakafu ya mbao, kwenye midomo, na kwenye pua ya mpwa wangu wa miaka 4, aliyekuwa akiamka mto umelowa damu. Daktari akashauri nyumba iongezewe unyevu.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Tulikifunga kwenye mfereji wa bati unaosambaza hewa moto kutoka tanuri la gesi. Vali ya volti 24 hufungua maji, yanatiririka juu ya pedi yenye matundu, hewa moto inapita hapo na kuondoka na mvuke. Maji yanayobaki hushuka kwenye bomba la taka.

Shemeji, aliyekuwa ameshika tochi, akasema, "Weka asilimia 45 tumalize." Nikamwambia ngoja kwanza. Nje ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kiwango kinachoshauriwa ni asilimia 25. Ikifika 29 chini, ni 15 tu. Ukizidisha, mvuke hugeuka maji kwenye vioo na ndani ya kuta, mbao zinaoza, ukungu unaota. Utakuwa umemponya mtoto pua ukampa kifua. Wanaprogramu mnanielewa: namba hii huiandiki mara moja ukasahau, inahesabiwa upya kila hali ya nje inapobadilika. Ndiyo maana tulichagua kidhibiti chenye kihisi cha joto la nje.

Usiku wa 11 huu, mto ni mkavu. Pedi tutaibadilisha kila mwaka, maana chumvi za maji huiziba.