Nakala Mbili za Yeremia

 

Mshirika mmoja wa Lodwar ameniuliza, kwa upole, lakini uzito wa swali nimeusikia: "Mchungaji, ile kompyuta ya ofisini inayowaka usiku na mchana inakula sola ya kanisa kwa sababu gani? Mahubiri si yako YouTube?" Najua si yeye peke yake anayejiuliza, kwa hiyo nalijibu hapa.

Fungua Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, nabii mwenyewe amefungwa uani kwa walinzi, na wakati huohuo ananunua shamba la Anathothi kutoka kwa Hanameli, mwana wa ami yake, kwa shekeli 17 za fedha. Sisi wahubiri tunapenda kupaza sauti kwenye imani ya kununua shamba ambalo adui amelikalia. Lakini soma polepole mstari wa 11 hadi wa 14. Hati zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, na Baruku akaagizwa aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Mungu aliyetoa ahadi alijali pia karatasi zitakaa wapi.

Sasa njoo nami Kakuma. Kambi ile ilianzishwa 1992, na ndugu wanaoabudu katika tawi letu kule wametoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi na Ethiopia. Wengi walivuka mpaka bila cheti chochote mfukoni. Kwa baadhi yao, daftari la kanisa ndilo karatasi pekee inayosema kwamba wawili hawa walioana siku fulani mbele ya mashahidi fulani, na kwamba mtoto huyu aliwekwa wakfu na mama yake ni huyu. Kisha mtu anapata nafasi ya kuhamia Kanada au Australia, na baada ya miaka anapiga simu.

Dada mmoja alipiga mwaka jana. Alifunga ndoa kwetu 2016 na alihitaji barua ya kuthibitisha. Daftari lenyewe lilikuwa limelowa mto Tarach ulipofurika, kurasa zimeshikana kama chapati za jana. Lakini katibu alikuwa amezipiga picha mapema, na picha zilikuwa Lodwar, kilomita kama 120 kutoka kwenye yale maji. Barua ilitoka siku hiyohiyo.

Hiyo ndiyo kazi ya ile kompyuta. Ni laptopu kuukuu, kioo kimepasuka, lakini betri bado inashika chaji, kwa hiyo umeme ukikatika haizimiki. Ndani yake kuna Debian, ambayo ni aina moja ya Linux. Linux ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki, na tangu 1992 leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuichungulia ndani na kuibadilisha bila kumlipa mtu. Kwa kijana wa kambini asiye na kadi ya benki hilo si jambo dogo. Vijana wetu watatu walijifunzia kwenye laptopu hii hii, na leo wananizidi. (Ndiyo, nakiri hadharani. Msiwaambie.)

Mwenzake iko Kakuma. Saa nane usiku, programu iitwayo cron, ambayo kazi yake ni kuangalia saa tu, inaiamsha nyingine iitwayo rsync. Hii inalinganisha faili za pande zote mbili na kutuma kilichobadilika peke yake. Picha iliyokwisha kufika hairudiwi, ndiyo maana bando letu dogo linatosha. Mtandao ukigoma, itajaribu usiku unaofuata.

Wengine mmeshauri tulipie hifadhi ya mtandaoni, yaishe. Kwa mahubiri, sawa kabisa. Lakini majina ya watu waliokimbia vita, pamoja na walikotoka na wazazi wao ni nani, sitayaweka mahali ambapo sijui nani anashika ufunguo. Diski zetu zote zimefungwa kwa neno la siri. Wanalijua watu wawili, na bahasha moja iliyofungwa iko kwa mzee wa kanisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatudai uangalifu huo, na hata isingetudai, Yeremia alikuwa na muhuri.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi vijana huchagua jina moja kutoka daftarini na kujaribu kulirudisha kutoka nakala ya upande wa pili. Mwezi mmoja jina halikurudi. Diski ya Kakuma ilikuwa imekufa, vumbi na joto, na hakuna taa iliyowaka kutuonya. Tusingejaribu, tungeendelea kumshukuru Mungu kwa nakala ambayo haipo.

Sasa nina ombi. Ezra 2 inataja watu waliorudi kutoka uhamishoni wakatafuta majina yao katika orodha ya nasaba, hayakuonekana, na wakaondolewa katika ukuhani. Mstari wa 62 huwa unaninyima usingizi. Katibu alikuwa akipiga picha kuanzia madaftari mapya akirudi nyuma, na maji yalikuja kabla hajafika miaka ya 2010 hadi 2012. Kama ulifunga ndoa au uliweka mtoto wakfu katika tawi la Kakuma miaka hiyo, popote ulipo leo, piga picha cheti ulichopewa umtumie katibu kwa siri. Usikiweke hapa chini kwenye maoni. Kama cheti kilipotea njiani na una picha ya arusi tu, itume hiyo. Mashahidi wengi tunawajua kwa sura.