Kutembea ndani ya maandishi bila kipanya

Anayehariri maandishi marefu hutumia muda mwingi kutafuta mahali kuliko kuandika. Mkono huacha kibodi, hushika kipanya, hulenga neno, kisha hurudi. Katika programu ya Vim mikono haihami, maana herufi zenyewe huwa amri: h na l hupeleka kushoto na kulia, j na k chini na juu. Desturi hiyo ilianza na Bill Joy, aliyeandika programu ya vi huko Marekani mwaka 1976, akitumia mashine ya ADM-3A iliyochorwa mishale juu ya herufi hizo nne. Kwenye kibodi zetu za AZERTY herufi hizo ziko palepale. Tarakimu tu ndizo hudai kitufe cha Shift, kwa hiyo kuruka mistari kumi kwa 10j hutuchosha kidogo. Mimi hutafuta neno badala ya kuhesabu mistari.

Vim yenyewe ina undugu na eneo letu. Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991, na mwaka 1994 akajitolea kufanya kazi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda. Tangu hapo, anayeipenda programu huombwa awasaidie watoto wale. Moolenaar alifariki mwezi wa Agosti 2023.

Kwetu sisi wa lugha, jambo la kuchunguza ni maana ya "neno". Amri ya w huruka hadi neno linalofuata, b hurudi nyuma, e hufika mwisho wa neno. Katika Kifaransa hizo ni hatua fupi. Katika Kiswahili, "hatukuwaambia" ni sentensi nzima: w moja imeruka kikanushi, mtenda, wakati na mtendwa. Kinachohitaji kusahihishwa mara nyingi kimo ndani ya neno. Hapo hufaa f, inayokupeleka kwenye herufi uitakayo: ukiwa mwanzoni mwa neno hilo, fw hukusimamisha juu ya -wa-.

Nilipokuwa nikinakili simulizi za mzee mmoja wa Kikula, mstaafu wa kiwanda, nilishauriwa nizitoe kwa Kiswahili sanifu. Mzee husema kama tusemavyo Likasi: "batu bote balienda", "bitu", "njo". Amri moja ingeweza kugeuza kila ba- ya mwanzo wa neno kuwa wa- kwa nukta moja ya saa. Lakini amri hiyo haijui ngeli: "baba" angekuwa "waba", na "bado" ingekuwa "wado".

Kuna njia nyingine, nayo bado ni ya haraka. Unatafuta ba mwanzoni mwa maneno, unabonyeza rw ili b iwe w, kisha n inakupeleka kwenye ba inayofuata. Ukitaka kurudia badiliko, unabonyeza nukta. Usipotaka, unabonyeza n tena na kupita. Kila mahali macho yanasimama juu ya neno kabla kidole hakijaamua.

Kusimama huko ndiko kulikonionyesha ninachokaribia kufuta. "Batu" ya mzee ina kanuni yake: ba- inashika kwenye jina, kwenye "bote" na kwenye kitenzi, sawasawa na wa- ya vitabuni. Basi niliacha faili ya kwanza kama alivyosema, nikaweka usanifu katika faili ya pili, zote mbili zikiwa wazi kwenye skrini moja. Nilipomsomea ya kwanza alicheka, akasema: "Ee, ile njo nilisema." Ya pili aliisikiliza kimya, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza tangazo.

Wenzangu wanaoandaa kazi za mwisho kwa kurekodi wazee wajifunze amri hizi chache. Muda watakaouokoa kwenye kipanya watauhitaji kwenye kila ba-.