Treni ya Keza

Keza hakuna reli. Kuna jina tu: kwenye makaratasi ya mradi wa reli ya Isaka–Kigali, tawi la kwenda Gitega na Musongati, Burundi, linaanzia kwetu. Sasa reli ya Musongati inajengwa kutokea Uvinza, Kigoma. Baba, fundi baiskeli, alichoka kusubiri mapema. Nilipokuwa kidato cha pili tulitengeneza treni yetu wenyewe, kwenye kibanda nyuma ya jiko.

Boila lilikuwa kopo la maziwa. Silinda ilikuwa kipande cha eriali ya redio, magurudumu yalikuwa beringi za pikipiki, reli ni nondo za milimita 6. Valvu ya usalama ilikuwa gololi iliyokandamizwa na springi ya kalamu. Maungio yote tuliyaziba kwa risasi ya kulehemu. Baba alinipa kazi moja: kuangalia maji.

Siku ya majaribio treni ilikwenda urefu wa mkeka, ikitema matone. Baba akakimbilia migombani kumwita Mama. Nilitaka waikute inatembea. Nilijua nikiongeza maji baridi mvuke utakata, kwa hiyo niliongeza moto tu. Kopo likakauka, maungio yakayeyuka, mfuniko ukadondoka.

"Imekuwaje?" Baba aliuliza.

"Risasi ni feki."

Aliyemuuzia risasi ile alikuwa rafiki yake wa miaka mingi. Waligombana dukani, mbele za watu. Tangu siku ile Baba hununua vifaa Ngara mjini, na kopo lile halijaguswa.

Mwaka jana, nikiwa kwenye utafiti wa shahada ya uzamili, nilisimama mbele ya injini namba 5918 katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Inaitwa Mount Gelai, jina la mlima wa Tanzania. Ilitengenezwa Manchester miaka ya 1950, ina uzito wa tani zaidi ya 250. Nikaikumbuka ile ya kopo. Maji yakiwamo, bati la boila halipati joto kupita sana lile la maji. Yakiisha, ni sufuria tupu jikoni, na risasi ya kulehemu huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi. Ndiyo maana injini nyingi za mvuke ziliwekewa plagi ya risasi juu ya tanuri: maji yakipungua, inayeyuka kwanza, mvuke unafoka, dereva anajua. Sisi hatukuwa na plagi. Mwenye kujua nilikuwa mimi, nami nilinyamaza miaka kumi na moja.

Likizo iliyofuata nilimkuta Baba kibandani ananyoosha ringi.

"Shikamoo Baba. Ile risasi haikuwa feki. Niliacha maji yaishe."

Hakuitikia salamu. Alimaliza kukaza spoku, akanawa mikono kwa sabuni, akavaa koti. Kisha akatoa baiskeli nje na kuielekeza dukani.

"Panda," alisema. "Utamwambia mwenyewe."

Njia nzima hakuongea.