Siku Niliyochekwa Misri



Kila ajuaye kuwa nilisoma Misri huniuliza habari za piramidi. Piramidi niliziona mara moja, nikapanda ngamia kwa bei ambayo hata leo naona haya kuitaja, nikarudi. Ninalotaka kukueleza ni jambo jingine, ambalo sijapata kulisema juu ya mimbari, kwani mimbarini mtu hujipamba.

Nilitoka Mombasa mwaka 1982. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, lakini tayari mwalimu wa chuo, na bakora yangu ikijulikana mtaa mzima. Ajurumiya nilikuwa nimeihifadhi. Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinifungia visheti vya safari, nami nikaondoka nikidhani naenda kuongeza kidogo tu juu ya wingi nilio nao.

Tulikaa Abbasiya, katika nyumba za wanafunzi wa kigeni wa Al-Azhar, mahali Waarabu wapaitapo Madinatul Bu'uth. Chumba changu kilikuwa na Msenegali, Mindonesia na Msomali, na lugha yetu baina yetu ilikuwa Kiarabu cha vitabuni. Baridi ya Januari sikuizoea hata mwaka wa mwisho; nilivaa kanzu mbili, moja juu ya nyingine.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda kununua mkate. Nikamwambia mwuzaji, irabu zote zikiwa mahali pake, kwamba nataka khubzi. Akanitazama, kisha akamwita nduguye aje asikie. Kumbe kwao mkate ni eishi, neno lenye maana ya maisha. Kuku ni farkha. Herufi ya jimu huisema ga, na tatu, yaani thalatha, wao ni talata. Nilirudi na mkate wangu nikiwadharau. Sisi watu wa pwani tunayo tha na dhali katika lugha yetu wenyewe, twasema thelathini, twasema dhahabu. Nikajiambia: hawa wamekiharibu Kiarabu, na mimi nimekuja nacho kizima.

Mwaka wangu wa tatu nikapelekwa kufundisha kwa majaribio. Waliita tarbiya amaliya, ualimu wa vitendo. Nilipangiwa darasa la wavulana wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, kiasi ya arubaini, na nyuma ya darasa akakaa mzee mkaguzi na daftari lake.

Nikaanza. Neno la kwanza tu, wakacheka. Lugha ile walizoea kuisikia katika hotuba za Ijumaa na katika michezo ya televisheni ya mambo ya kale, basi wakaniona kama mtu aliyetoka katika mchezo bila ya upanga wake. Mmoja mbele akaanza kuniigiza. Hapo nikababaika. Nawe wajua, msomaji, Kiswahili chetu hakina majina ya kiume na ya kike. Jua ni jua, mwezi ni mwezi. Kwa Waarabu mwezi ni mume na jua ni mke. Haya niliyajua tangu utotoni, nimeyafundisha kwa bakora. Lakini mkono ukaandika ubaoni kwamba jua ni jamili, badala ya jamila. Kijana mdogo akainua kidole, akanisahihisha kwa adabu. Arubaini wakacheka pamoja.

Masikio yalinipata moto. Nilitamani ardhi inimeze.

Kipindi kilipokwisha, mzee mkaguzi hakunikemea. Aliniagizia chai ya glasi, sukari vijiko vitatu, akaningoja nipoe. Kisha akauliza swali moja tu: "Kwenu, mwanafunzi wako akikosea, wewe humfanyaje?"

Sikumjibu. Nilimwona mtu.

Chuoni kwangu alikuwapo mtoto wa Kigiriama, baba yake amesilimu si zamani, wamehamia mtaani kwetu kutoka upande wa Kaloleni. Kila akisoma Alhamdu, ile ha ya kooni ilimshinda, akaisoma kwa ha nyepesi, kama wasemavyo wengi wetu tukiwa sokoni. Watoto wa mji nao ilikuwa ikiwashinda, lakini wao niliwarudia pole pole. Yeye nilimpiga. Na kabla ya kumpiga nilimwigiza, mbele ya wenzake, nikasema ulimi wa bara hautanyoka. Watoto wakacheka kwa sababu mwalimu ametangulia kucheka. Wiki ya pili akaacha kuja, nami sikuuliza.

Hadithi ya Bi Aisha, kuwa asomaye Qur'ani kwa taabu na kukwama ana malipo mawili, niliijua. Tena nilikuwa nikiisomesha.

Ijumaa ile nilikwenda kuzuru kaburi la Imamu Shafi, ambaye sisi wa pwani twafuata madhehebu yake. Juu ya kuba lake pana chombo mfano wa mashua, jambo lililonifurahisha, mimi mtoto wa bandarini. Imamu naye alifika Misri akiwa mgeni, akafia huko mwaka 204 Hijria. Na wanavyuoni husema ana kauli za zamani, alizozitoa Iraki, na kauli mpya alizozitoa Misri, ambako aliyageuza mengi ya yale aliyoyasema. Mtu mkubwa kama yule! Nilikaa pale mpaka alasiri.

Niliporudi nyumbani mwaka 1987, bakora niliiweka juu ya kabati. Wazee kadhaa walilalamika kwamba Misri imenilegeza, na wawili wakawaondoa watoto wao. Nikaenda kumtafuta yule kijana. Nyumba ilikuwa imepangishwa kwa wengine, na jirani akasema wamerudi kwao.

Mwaka 2001 nilikuwa kivukoni Likoni, nangoja feri. Hamali mmoja akauacha mkokoteni wake, akanijia, akaniinamia akanibusu mkono. "Shikamoo, mwalimu." Nilimtambua kwa macho. Pale pale, katikati ya watu, nikamwambia nilimdhulumu, anisamehe. Akacheka kidogo, akasema, "Nilisamehe zamani, mwalimu. Mimi nilikuwa mtoto."

Nikamwuliza kama ana watoto. Akasema watatu. Nikamwuliza kama wanasoma chuo.

"Wanasoma," akasema, akiushika tena mkokoteni. "Lakini si mjini, mwalimu. Nimewapeleka kwa mwalimu wa kwetu."

Feri ikafika, akapita mbele na mzigo wake.