Daftari Lisilofutwa

Hapa Birere, mjini Goma, akina mama wengi wa sokoni hushika likirimba. Kila juma kila mmoja atoa fungu lake, na kwa zamu mmoja apokea mafungu yote. Katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristu sisi vijana wawili ndio makarani. Wengine hulipa kwa dola, wengine kwa faranga. Sisi tuliandika katika daftari, na tulipokosa tulifuta.

Siku moja mama mmoja, mwuza sambaza, alionekana ana deni la majuma matatu. Akasema, "Nimelipa." Tulitazama daftari, tukamtazama yeye, wala hatukumsadiki. Zamu yake ikapewa mwingine.

Wakati ule tulikuwa tukijifunza lugha ya kompyuta iitwayo Haskell. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1990, ikapewa jina la Haskell Curry, Mmarekani mtaalamu wa mantiki. Tulikuwa tumeanza programu nyingi, wala hatukumaliza hata moja. Basi tukaazimia kuimaliza hii ya likirimba.

Lugha nyingi huiambia kompyuta: chukua sanduku hili, toa namba ya zamani, tia mpya. Haskell haiendi hivyo. Kitu kilichokwisha kupewa thamani hakibadiliki. Kazi hufanywa kwa kanuni, kama katika hesabu za shule: ukiipa kanuni namba zile zile, itarudisha jibu lile lile sikuzote. Ilitubidi kuweka kila malipo katika mstari wake, kisha kanuni moja yaikunja orodha nzima, mstari juu ya mstari, kama mtu akunjavyo kitenge, hata ibaki jumla moja.

Tena tuliandika kwamba dola ni aina moja na faranga ni aina nyingine. Mashine ikakataa kabisa kuzijumlisha pamoja. Tulikasirika siku mbili. Mwishowe tukakubali kwamba kila mstari lazima utaje pesa yake. Tukarudi katika daftari, tukakuta mistari mitatu ya yule mama ina namba 5 tu, bila alama. Sisi tulikuwa tumeihesabu kuwa faranga. Lakini ni nani aletaye faranga 5 Birere? Zilikuwa dola. Mama hakuwa na deni.

Tukaenda kwake sokoni kuomba msamaha. Akatujibu, "Wanangu, mashine iliwauliza ni pesa gani. Ninyi mbona hamkuniuliza mimi?" Hatukuwa na jibu.

Juma lililofuata alipokea zamu yake. Programu yetu ni ndogo, lakini imekamilika, nayo yatumika kila Dominika. Tangu hapo hatufuti. Tukikosa, twaandika mstari wa pili wa kusahihisha ule wa kwanza, na yote miwili yaonekana. Ndivyo tufanyavyo pia katika kitubio: dhambi haifichwi, bali yaungamwa na kutengenezwa. Kompyuta yaweza kulinda hesabu. Jina jema la jirani yatupasa kulilinda sisi wenyewe.